Upembuzi yakinifu wa bibi yangu

Mwezi wa sita nilibeba kazi ya ofisini mpaka kwa bibi, Muheza, mkoani Tanga, jambo ambalo kila mara naapa sitalirudia. Ilikuwa taarifa ya mradi wa maji, kurasa mia moja na arobaini, na juu ya jalada kwa herufi kubwa: UPEMBUZI YAKINIFU, yaani uchunguzi wa kujua kama mradi unafaa kabla haujaanza. Kazi yangu ni kuzipitia taarifa za namna hiyo kabla hazijaenda kwa mteja. Nanyoosha Kiswahili, nafuta "katika suala zima la", nagombana na wahandisi wanaoamini kwamba sentensi fupi ni ya mtu ambaye hakusoma. Miaka kumi na moja naandika "upembuzi yakinifu", pengine mara nyingi kuliko jina langu, na sijawahi kujiuliza kinachopembuliwa ni kitu gani.

Bibi nilimkuta uani, amekaa mkekani chini ya mchungwa, miguu kainyoosha, ungo mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekumbuka kama una mke?"

Alikuwa ametoka kutwanga mpunga. Kwanza alipepeta: ungo unarushwa, mpunga unaruka na kurudi, makapi yanakwenda na upepo, kuku wanasogea. Hilo nalijua tangu utotoni. Halafu mkono ukabadilika. Aliacha kurusha, akaanza kuutikisa ungo kwa upande, kidogokidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Chenga zikaanza kujitenga, zikakusanyika pembeni peke yake, na mchele mzima ukabaki upande wake.

"Sasa hapo unafanya nini?"

"Si unaona? Napembua."

Nikaenda kwenye begi nikatoa ile taarifa. Bibi anajua kusoma. Alijifunza kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima miaka ya 1970, na mpaka leo husoma kwa sauti, silabi moja moja, kama bado mwalimu amesimama nyuma yake. Akasoma: u-pe-mbu-zi. Akaniangalia.

"Wanapembua nini?"

"Maji, bibi."

"Maji hayapembuliwi. Maji yanachujwa."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. "Yakinifu" haina shida, ni yakini ya Kiarabu, uhakika. Lakini huyo aliyechagua "upembuzi", awe nani, alikuwa amekaa karibu na ungo. Angeweza kuchukua "upepetaji" na asingefikia maana. Anayepepeta anatenga mchele na makapi, na makapi hata mtoto anayaona. Anayepembua anatenga mchele na mchele: chenga ni mchele pia, ina rangi ileile, inapikika, lakini haiwezi kukaa sufuria moja na punje nzima bila kuharibu wali. Na ndiyo kazi ya taarifa zile. Miradi yote inayoletwa mezani inafanana na mchele. Ipi ni chenga?

Nikarudi kwenye kurasa zangu na penseli, na safari hii sikuwa nasahihisha. Nilikuwa nazungushia duara kila neno lililotoka shamba.

Ukurasa wa tatu, "uchambuzi wa takwimu". Kuchambua ni kazi ya vidole: unatoa mbegu kwenye pamba, unatoa vikonyo kwenye karafuu, unatenga majani ya mchicha na mashina yake. Leo tuna wachambuzi wa siasa na wachambuzi wa soka, watu wenye suti na vipaza sauti, na hakuna hata mmoja aliyeshika mchicha. Ukurasa wa saba, "chimbuko la tatizo", yaani pale lilipochimbuka. Kisha "mche", "chipukizi", "shina", "tawi", "kitalu". Vitalu vya gesi baharini! Kitalu ninachokijua mimi ni kile cha bibi cha miche ya minazi, kilichozungushiwa miiba kwa ajili ya mbuzi. Kupandikiza nako, kung'oa miche ya mpunga na kuipanda upya kwenye matope, sasa kunafanywa hospitali kwa figo, na kunafanywa na watu wabaya kwa chuki.

Neno lililonishinda ni ngwe. Mtangazaji wa mpira akisema "tumeingia ngwe ya lala salama", hakuna shabiki anayeshangaa. Wanasiasa nao wana ngwe ya kwanza na ngwe ya pili. Bibi akisema ngwe anamaanisha kipande cha kulima kilichopimwa, cha mtu mmoja, na akikimaliza kazi yake ya siku imekwisha. Ugwe ni kamba. Mnavuta kamba, mnakata eneo, kila mmoja na ngwe yake, wanawake wanaingia kwa mstari. Anayemaliza mapema anamsaidia wa pembeni, au anakaa kivulini akimcheka, inategemea ni nani na ni nani. Kwa hiyo mchezaji anayeingia dakika ya themanini anaingia kwenye ngwe kweli, kipande kilichobaki ambacho jua halijakimaliza. Mtangazaji amelitumia sawasawa kabisa, sina ugomvi naye.

Jioni redio ilisema uzalishaji wa saruji umeongezeka. Bibi alikuwa mkunga wa jadi kwa miaka zaidi ya thelathini. Nusu ya watu wazima wa pale wamepita mikononi mwake. Kuzalisha kwake ni neno la usiku, la taa ya chemli na maji ya moto.

"Saruji nayo inazalishwa?"

"Ndiyo, bibi. Kiwandani."

"Nani mkunga wake?"

Sikuwa na jibu. Lakini mwenyewe huita mahindi yake mazao, na zao limetoka kwa kuzaa vilevile. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akasema mahindi yana haki, yanabeba mtoto mgongoni. Saruji haina.

Nieleze kwa nini jambo hili lilinigusa kiasi hiki, maana mtu anaweza kuona ni mchezo wa maneno tu. Mwaka 1998, nikiwa na miaka kumi na minne, nilipelekwa Dar es Salaam kukaa kwa baba mdogo ili niingie kidato cha kwanza. Siku ya pili nikapanda daladala. Nilikuta watu wazima wamejaa, na mtoto aliyelelewa na bibi yangu hawezi kupita mbele ya watu wazima kimya, kwa hiyo nikasimama mlangoni nikawaamkia wote kwa pamoja: "Shikamooni." Gari zima likalipuka kwa kicheko. Konda akaniambia, "Dogo, ingia ndani, hapa si msibani." Mama mmoja nyuma akauliza, "Huyu mshamba katokea wapi?" Nilisimama mpaka Kariakoo nikiangalia viatu vyangu.

Mshamba. Sarufi yake ni rahisi kuliko zote, m- na shamba, basi. Bibi akijitaja husema "mimi mtu wa shamba" kwa sauti ileile ambayo mwingine angesema "mimi fundi cherehani". Ni kazi na ni mahali. Zanzibar nako watu husema Mjini na Shamba, na ukisema unakwenda Shamba umeeleza njia tu. Lakini ukiliondoa lile "mtu wa" na kulibana neno kuwa moja, linakuwa tusi. Mshamba hajui kuvaa, mshamba hajui kutumia lifti, mshamba anashangaa ghorofa. Na wakati huohuo, mji huohuo, mtu akifanya kazi vizuri tunamsifu tukisema "huyu jamaa ni jembe". Nilisikia bosi wangu akiyasema yote mawili ndani ya kikao kimoja, kwa watu wawili tofauti, na mwenye jembe alikuwa mzaliwa wa Upanga ambaye nadhani hajawahi kulishika.

Upande wa pili wa mizani kuna maneno ya mji. Ustaarabu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kufuata mwenendo wa Waarabu, kujifanya mmoja wao. Muungwana alikuwa mtu huru wa miji ya pwani, asiye mtumwa, kabla hajawa mtu yeyote anayesema samahani. Utamaduni ndio unaonichekesha zaidi, kwa sababu umetoka kwenye mzizi mmoja na madina, mji. Ukiandika "kuhifadhi utamaduni wa vijijini", na mimi nimeandika hivyo mara nyingi kwa malipo, mizizi ya maneno inasema tuuhifadhi umjini wa vijijini. Najua, neno haliishi kwenye kaburi la babu yake, na hakuna anayefikiria Madina akiangalia ngoma. Nasema tu nilichokiona: maneno ya sifa tuliyoyaleta kutoka nje yanaukweza mji, na maneno ya kazi tuliyonayo nyumbani karibu yote yana udongo.

Kuna na msemo wa "shamba la bibi", yaani mali isiyo na mwenyewe, kila anayepita anachuma. Uwanja wa Uhuru pale Dar umeitwa hivyo miaka mingi. Napenda kutoa taarifa kwamba shamba la bibi ninalolijua mimi lina heka mbili, na mwenye nalo anajua kila mchungwa umebeba kiasi gani. Jaribuni kuchuma.

Nyumbani ni neno jingine gumu. Mjini tunasema "kijijini" kana kwamba ni kitu kimoja tangu uumbaji. Kijiji ni mji mdogo, ndivyo neno lilivyoundwa: mti ukawa kijiti, mto ukawa kijito, mji ukawa kijiji. Ukiukuza badala ya kuudogosha unapata jiji. Kwa hiyo kijiji hakikuanza maisha kama kinyume cha mji. Ni mtoto wake. Bibi, ambaye ni Mbondei, hatumii sana neno hilo. Yeye ana kaya.

Mwaka 2022 wakati wa sensa alikuja karani, kijana mwenye adabu, kishikwambi mkononi. Akauliza, "Bibi, mkuu wa kaya ni nani?" Kwa serikali kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwa bibi kaya ni nyumbani, na nyumbani kwa mapana yake: nyumba yake, ya shangazi, za wale wadogo zake babu wa kufikia, mpaka kule kwenye mwembe. Akamjibu kwamba mkuu wa kaya alifariki 2009 na hajapatikana mwingine. Kisha akaanza kumhesabia watu. Alipofika wa ishirini na saba karani akaweka kishikwambi chini akaomba maji ya kunywa. Mambo yalinyooshwa na shangazi. Ndugu zetu Mijikenda kule Kenya nao wana kaya, na yao ni kubwa kuliko zote hizo, maboma ya wazee ndani ya misitu. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Hao wenyewe jina lao ni miji tisa, kenda likiwa tisa la zamani. Kabla ya hapo watu wa pwani waliwaita Wanyika, watu wa nyika, na waliotoa jina hilo hawakukusudia heshima. Mshamba ana ndugu wengi.

Babu hakuwa Mbondei. Alikuwa Muha wa Kigoma, na kwao nyumba zilikaa mbalimbali, kila mtu ndani ya ua wake juu ya kilima chake, kama walivyo Warundi ambao ua huo wanauita urugo. Mtu aliyekaa hivyo hakuishi kijijini. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia kijijini, na Kigoma kazi hiyo ilikuwa imeshaanza kabla. Babu alikwenda likizo 1975, safari ya siku kadhaa, akafika kwao akakuta ndizi zimesimama na nyumba hakuna. Watu wamesogezwa barabarani. Aliporudi Muheza, bibi anasema, alitumia neno moja tu: mahame. Limetoka kwa kuhama. Si gofu, maana gofu lina kuta. Mahame ni mahali panapojulikana kwamba palikuwa na watu kwa sababu ya miti waliyoipanda.

Na babu alifikaje Tanga? Kwa mkonge. Mmea wenyewe si wa huku. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche elfu moja, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo yakaota mashamba yaliyofunika mkoa, na mashamba yakahitaji mikono kuliko iliyokuwapo. Wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji. Waliitwa manamba.

Hapa ndipo nilipoacha penseli nikamsikiliza bibi vizuri, kwa sababu maneno ya shamba hili la pili hayana udongo hata kidogo. Manamba ni wingi wa namba: mtu anafika, anapewa namba, anaitwa kwa namba. Kipande ni kadi. Enzi za Wajerumani mfanyakazi wa mashamba ya kule kwetu alipewa kadi ya siku thelathini, siku aliyofanya kazi inatiwa alama, na mshahara mpaka zijae. Kenya, kuanzia 1920, kipande kikawa hati ambayo mwanamume Mwafrika alitembea nayo shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akakionyeshe alipwe. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kikaratasi. Huko nyuma, kwenye misafara ya Wanyamwezi, mnyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi, mtu wa heshima. Kwenye mkonge akawa nyapara, mwenye fimbo na daftari.

Ngwe, palizi, mavuno, yote hayo yana mikono na mvua. Manamba, kipande, kibarua, yote ni karatasi. Mtu yuleyule, jembe lilelile, lakini siku alipoanza kulima la mwingine, lugha nzima ikahamia ofisini. Halafu sisi wa ofisini tukachukua yale ya kwanza tukapambia taarifa zetu. Kuna msemo mmoja tu ninaoujua ambao umeyaunganisha: kocha akifukuzwa, magazeti huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Karatasi imeota nyasi. Nilimwambia bibi, akacheka mpaka akashika ungo usimwagike.

Nilijaribu kupembua na mimi, nisiseme uongo. Ungo nilioushika ulikuwa na mchele wa kama kibaba kimoja, na nusu yake ikaenda chini. Kuku waliufanyia upembuzi yakinifu kwa muda usiozidi dakika mbili. Taarifa ya maji nilimaliza Jumapili usiku kwa mwanga wa simu. Nilibadilisha mambo mengi, jalada nililiacha kama lilivyo.

Asubuhi nikiondoka, bibi aliniomba nimtolee hela kwa wakala pale stendi kisha nimwachie shangazi, kwa sababu magoti yanamsumbua. Akanipa simu. Nikamuuliza namba ya siri. Akasema, "Ile ya babu yako." Nikasema babu hakuwahi kuwa na simu. Akaniangalia kama anavyowaangalia wahandisi wangu, ambao hajawaona. Babu alipewa namba mwaka 1957, siku aliyoshuka garini, tarakimu nne, na waliokuwa naye kambini walimwita hivyo mpaka wakamzika. Bibi mwenyewe aliisikia namba hiyo kabla hajalisikia jina lake.

Ningeiandika hapa, ni namba nzuri, inaanza na mbili. Lakini hela za bibi bado zimo.